Malezi ya upole yanafaa, ila nani ana muda nayo?

Ukitaka kuvuruga kikao cha watu wazima mjini, kiwe cha wazazi wa shule, cha kikoba au cha kamati ya harusi, uliza tu kama mtoto wa miaka minne anayejigaragaza dukani achapwe au aongeleshwe. Watu waliokuwa wanakubaliana kuhusu michango watagawanyika hapohapo. Upande mmoja utasema watoto wa siku hizi wameharibiwa kwa kudekezwa, kwamba sisi tulichapwa na tumekuwa watu. Upande wa pili, mara nyingi wazazi vijana wenye bando la kutosha, utaleta habari za malezi ya upole: usimpige, usimfokee, chuchumaa ufikie kimo chake, mwambie unaona amekasirika, lakini pipi leo hatununui.

Mimi niko upande wa pili, na nasema mapema ili nisisumbue mtu. Ila wenzangu wa upande huu wana tabia moja inayonikera. Wanaeleza uzuri wa upole kutwa nzima na hawataji gharama yake. Wakiulizwa, wanajibu kwamba upendo hauhitaji pesa. Atakayewaamini ni yule ambaye hajawahi kurudi nyumbani saa mbili usiku na kukuta watoto watatu hawajaoga.

Tujue kwanza tunazungumzia nini. Malezi ya upole ni jina lililosambaa kutoka Uingereza na Marekani kupitia vitabu, kisha mitandao ya kijamii ikalichukua na kila mtu akalijaza anachotaka. Mwaka 2024 watafiti wawili wa Marekani, Annie Pezalla na Alice Davidson, walichapisha katika jarida la PLOS ONE utafiti uliowauliza wazazi 100 wenye watoto wa miaka 2 hadi 7 wanavyolea. Karibu nusu yao walijiita wazazi wapole. Walipotakiwa kueleza maana yake, wengi walizungumzia zaidi jinsi wanavyojizuia wao wenyewe: kutulia, kutopandisha sauti, kuonyesha mapenzi hata wakiwa wamechemka. Na zaidi ya theluthi moja ya hao wapole walijieleza kwa maneno ya mtu aliyechoka, asiye na hakika kama anachofanya ni sahihi. Hao ni Wamarekani, kwenye nchi yenye mashine za kufulia.

Kilichopimwa kwa muda mrefu ni kitu kingine, na kina umri mkubwa kuliko mitandao. Katika miaka ya 1960 mwanasaikolojia Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, aliwachunguza wazazi na watoto wadogo akaona aina tatu za ulezi: mzazi mkali asiyetaka kuhojiwa, mzazi anayeachia kila kitu, na mzazi anayedai adabu huku akieleza sababu na kuonyesha upendo. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin walilipanga wazo hilo kwa vipimo viwili, upendo anaouonyesha mzazi na masharti anayoyaweka, wakapata na aina ya nne, yule asiyetoa upendo wala sharti. Tangu hapo tafiti nyingi katika nchi nyingi zimerudi na jibu linalofanana. Mtoto anayepata upendo na masharti kwa pamoja ndiye ambaye kwa kawaida anaendelea vizuri shuleni, anajitawala na anaelewana na wenzake.

Turudi dukani. Mzazi aliyesema pipi hatununui, akakivumilia kilio mpaka kikaisha, bila kofi na bila pipi, amelea kwa upole uliokamilika. Aliyenunua pipi ili watu waache kumtazama ameshindwa, hata kama sauti yake ilikuwa ya asali. Na yuko wa tatu, ambaye tunaye kwa wingi kuliko wote: anamzaba mtoto kofi mbele ya watu, halafu njiani huruma inamjia na anamnunulia ile pipi. Huyo amemfundisha mtoto kwamba kofi ndiyo nauli ya pipi.

Wahenga waliposema mchelea mwana kulia hulia yeye, walimlenga mzazi wa pili, na pengine wa tatu. Methali hiyo hutolewa kila mara kama kibali cha kuchapa, lakini fimbo haimo. Inamkemea anayeogopa kilio. Na mtoto anayenyimwa pipi kwa utaratibu analia vilevile, tena kwa kujitolea.

Kuhusu fimbo yenyewe ushahidi ni mwingi, na unaegemea upande mmoja. Mwaka 2016 Elizabeth Gershoff na Andrew Grogan-Kaylor walikusanya tafiti 75 zilizofanywa kwa karibu nusu karne, zenye watoto wapatao 160,000. Waliangalia kuchapwa kwa mkono matakoni, bila kuchanganya na vipigo vikubwa. Kati ya matokeo 17 waliyoyapima, 13 yalihusiana na kuchapwa, na yote yalikuwa mabaya: ugomvi, utukutu, wasiwasi, uhusiano mbovu na wazazi. Kuna msomi wa Marekani, Robert Larzelere, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akipinga namna tafiti hizi zinavyosomwa. Anauliza kitu cha maana: je, mtoto amekuwa mtukutu kwa sababu anachapwa, au anachapwa kwa sababu ni mtukutu? Tafiti zinazofuatilia watoto kwa miaka na kuanza na hali yao ya awali zinaonyesha uhusiano huo ukipungua ukubwa. Anayesoma takwimu kwa haki ataikubali hoja hiyo. Lakini kupungua kwa madhara hakujawa faida, na kwa sehemu kubwa faida ya kudumu ya fimbo haijaonekana.

Hapa kwetu pia watu wamepima. Mwaka 2014 Tobias Hecker na wenzake walichapisha utafiti wa watoto 409 wa shule ya msingi Tanzania, wenye wastani wa miaka kumi. Asilimia 95 walikuwa wameshachapwa angalau mara moja maishani, nyumbani na shuleni. Waliochapwa zaidi nyumbani ndio waliokuwa wagomvi zaidi na wazito zaidi wa kusaidia wenzao. Fikiria hilo dhidi ya madai kwamba fimbo inajenga heshima.

Utafiti ninaoupenda kuliko yote, hata hivyo, ni ule unaowapa wapinzani wangu nusu ya ushindi. Jennifer Lansford na wenzake walichapisha mwaka 2005 matokeo ya akina mama 336 na watoto wao kutoka China, India, Italia, Kenya, Ufilipino na Thailand. Kati ya nchi hizo sita, mama wa Kenya ndio waliochapa mara nyingi zaidi. Watafiti waligundua kwamba pale ambapo kuchapwa ni jambo la kawaida, madhara yake kwa mtoto ni madogo kuliko pale ambapo si kawaida. Ni madogo, ila yapo. Kwa hiyo mzee anaposema sisi tulichapwa na tumekuwa watu, hasemi uongo wote. Mtoto aliyekua akijua kila mtoto wa mtaa anachapwa, na kwamba hata mpita njia ana ruhusa ya kumwadhibu, hakukisoma kipigo kama chuki ya mama yake kwake. Aliona ni kama mvua, inanyeshea wote.

Shida ni kwamba hali hiyo ya wote inakwisha. Leo katika darasa moja la Kinondoni, Dar es Salaam, au South B, Nairobi, wamo watoto wanaochapwa kila siku, na wamo ambao hawajawahi kuguswa. Wanasimuliana. Mtoto anajua kwa mwenzake hakuna mkanda, na anauliza kwa nini kwao upo. Kile kilichopunguza makali ya fimbo kwa babu zetu kinatoweka kwa mjukuu, wala hakuna anayeweza kukirudisha kwa kuchapa zaidi.

Na wapo ambao hawakuwa watu, kwa sababu hawakuishi. Agosti 2018 mwanafunzi wa darasa la tano Bukoba alifariki baada ya kupigwa na mwalimu aliyemtuhumu kuiba pochi. Mwalimu huyo alihukumiwa kunyongwa mwaka uliofuata. Kanuni za Tanzania za mwaka 2002 zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, vitolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandishi, na viandikwe kitabuni. Aliyesoma shule ya serikali anajua hicho kitabu kilivyo adimu. Oktoba 2019 aliyekuwa mkuu wa mkoa wa Mbeya, Albert Chalamila, aliwachapa hadharani wanafunzi 14 wa sekondari ya Kiwanja, Chunya, baada ya mabweni kuungua. Rais Magufuli akampongeza. Kenya wamekwenda njia nyingine: kifungu cha 29 cha Katiba ya 2010 kinakataza adhabu za kikatili na viboko, ingawa katiba na ua wa nyumba ni vitu viwili. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 imebaki katikati. Inakataza adhabu isiyo ya kiasi kulingana na umri na hali ya mtoto, na kiasi chenyewe inamwachia mwenye mkono.

Basi kama ushahidi uko hivyo, kwa nini fimbo haiondoki? Jibu la wasomi huwa ni ujinga, au mila, au ukoloni. Yote yana ukweli kidogo. Nadhani sababu kubwa ni kwamba fimbo ina haraka.

Chukua mama wa Dar es Salaam anayeishi Chanika, pembezoni, na kufanya kazi Posta, katikati ya jiji. Anaamka saa kumi alfajiri, saa kumi na moja yuko kituoni. Jioni anapigania daladala, na akifika ni saa mbili usiku. Mtoto amemwaga uji kwenye daftari la kaka yake kwa makusudi. Malezi ya upole yanamtaka mama huyu akae chini, amsikilize huyu, amsikilize yule, amsaidie mkosaji kutaja hasira yake, akubaliane naye namna ya kulipa kosa, kisha asimamie malipo hayo mpaka mwisho. Hiyo ni nusu saa ikienda vizuri, na kesho inarudiwa, kwa sababu njia hii hufanya kazi kwa kurudiwa. Konzi moja inachukua sekunde mbili na nyumba inanyamaza. Mama huyu hana falsafa ya ukali. Ana dakika arobaini kabla hajaanguka kitandani, na ndani ya hizo dakika kuna ugali, sare za shule na ujumbe wa mwalimu kuhusu pesa ya mtihani.

Zamani nusu saa hiyo ilikuwepo, ila haikuwa ya mama. Tunapozungumza kana kwamba malezi ya Kiafrika yalikuwa viboko na upole ulishuka na ndege, tunamsahau bibi. Katika jamii nyingi za Tanzania bibi na mjukuu ni watani. Mjukuu wa kiume ni mume wake, wa kike ni mke mwenza, wanataniana na kusengenyana mbele ya kila mtu. Mtoto akichapwa na baba anakimbilia kwa bibi, bibi anamfuta kamasi, anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anamsema baba mtu kwa sauti ya kusikika ua mzima. Shangazi alikuwa na ukali wake, tena wa kuogopwa. Mjomba alikuwa wa kuombwa. Pwani, binti akikaribia kuvunja ungo alikabidhiwa somo wa kumfunda mambo ambayo mama hakupaswa kuyatamka. Upendo na masharti vyote vilikuwepo, vimegawanywa kwa watu wengi, kila mmoja na zamu yake na tabia yake.

Malezi ya upole ya kwenye simu yanamtaka mtu mmoja awe bibi, shangazi, mjomba na somo, kisha atabasamu. Ndiyo maana hata Wamarekani wa ule utafiti wa 2024 walikuwa hoi. Wenzetu hawa wameweka katika kifua cha mama mmoja kazi ambayo ukoo mzima uliifanya kwa kupokezana. Sisi sasa tunaiga, ilhali bibi tumemwacha Songea.

Kwa mjini, nafasi ya bibi ameichukua dada wa kazi. Hapa ndipo mjadala wetu unapokuwa wa kinafiki hasa. Mzazi anafuatilia akaunti za malezi, ameapa hatampiga mtoto wake, na saa kumi na tatu kwa siku mtoto yuko na binti wa miaka kumi na saba aliyetoka Iringa au Singida, ambaye mwenyewe alilelewa kwa bakora na hajawahi kuulizwa anajisikiaje, wala na mwajiri wake. Amri ya mishahara ya 2022 iliweka kima cha chini cha mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri kuwa shilingi 60,000 kwa mwezi, na wengi hawaifikii. Anafokewa mbele ya mtoto kwa sababu ya chumvi. Kisha tunamtarajia awe na subira ya mtaalamu wa saikolojia mtoto akimtemea uji. Mtoto naye anajifunza mapema kwamba upole ni wa kwake, dada haumhusu.

Nchi ya kwanza duniani kupiga marufuku kumchapa mtoto, hata nyumbani, ni Sweden, mwaka 1979. Jambo hilo linajulikana. Lisilotajwa sana ni kwamba miaka mitano kabla, mwaka 1974, Sweden ilikuwa imeshaanzisha likizo ya malipo ya kulea ambayo baba na mama wanagawana. Leo ni siku 480 kwa mtoto mmoja. Waliwapa wazazi muda kwanza, fimbo wakaikataza baadaye. Sheria ya ajira ya Tanzania ya 2004 inampa mama siku 84, na baba siku 3. Siku tatu zinamtosha baba kuchinja kuku na kupokea wageni.

Sisemi kwamba tusubiri tuwe Sweden. Mafunzo yaliyofanyiwa majaribio katika mazingira ya watu wasio na kitu yapo, na yana matokeo. Mmoja wa mifano ni Furaha Teens, mpango wa Tanzania uliotokana na mafunzo ya wazazi na vijana yaliyojaribiwa Afrika Kusini. Mwaka 2020 na 2021 ulifikia makumi ya maelfu ya washiriki, na wazazi na vijana wao walisema vipigo vimepungua baada ya vikao. Ukiyaangalia mafunzo ya aina hii ndani, hayafanani sana na video za mama aliyechuchumaa. Kuna kumpa mtoto muda wa peke yake na mzazi, hata mfupi. Kuna kumsifia anapofanya vizuri, jambo ambalo wengi wetu tunaliona kama kumharibu. Kuna kanuni za nyumba zinazojulikana na wote, na matokeo yanayojulikana kwa anayezivunja. Kuna namna ya mzazi kushusha hasira zake. Na kuna kupanga bajeti ya familia na kuweka akiba. Waliotunga walielewa kwamba mikono mingi inayompiga mtoto jioni imetoka kuhesabu pesa isiyotosha.

Kwa walimu pia. Mabula Nkuba na wenzake walijaribu mafunzo ya chini ya wiki moja katika shule nane za sekondari za serikali Tanzania na kuchapisha matokeo mwaka 2018. Miezi michache baadaye, wanafunzi wa shule zilizopata mafunzo waliripoti vipigo vichache kuliko wenzao. Ni matokeo ya muda mfupi, na sina haja ya kuyakuza. Ila yanaonyesha kwamba mwalimu wa Kitanzania mwenye darasa lililofurika anaweza kuongoza bila fimbo akionyeshwa namna, badala ya kuhubiriwa tu.

Kwa hiyo mzazi wa mjini anayetaka kuanza, namshauri asianze na mtoto. Jumapili mchana amwite dada, akae naye chini kama mtu mzima mwenzake, na waafikiane kanuni tatu za nyumba ambazo wote watazifuata, mzazi akiwepo au asipokuwepo: tukikataa kitu, tumekataa; hakuna kupiga; aliyemwaga anafuta. Amwambie kuanzia mwezi huu mshahara unaongezeka, na Jumapili ni siku yake ya kupumzika. Baba, kama yupo, ashike saa moja kila jioni, ya kuogesha au ya daftari, yoyote atakayoweza kuishika kila siku. Halafu bibi apigiwe simu Songea, aulizwe atakuja lini, na nauli itumwe.